Siri zilizo wazi: mhandisi wa Mgogoni na soko la karafuu

Mkulima wa karafuu wa Mgogoni, kisiwani Pemba, wa miaka ya 1930 alikuwa na mshindani asiyemjua, ambaye hakuwahi kupanda hata mche mmoja wa mkarafuu. Mshindani huyo alikuwa kiwanda cha karatasi cha Amerika ya Kaskazini.

Kisa chenyewe ni cha kemia. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na tangu mwisho wa karne ya 19 wanakemia walijua kuigeuza yujenoli kuwa vanilini, ile harufu ya vanila inayotiwa kwenye aiskrimu, biskuti na chokoleti. Kwa hiyo sehemu ya karafuu za dunia iliishia kwenye mitambo ya vanilini ya Ulaya na Marekani, mbali kabisa na chungu cha pilau. Kisha wahandisi wa viwanda vya karatasi, waliokuwa wamechoka na maji machafu yanayobaki baada ya mbao kupikwa, wakapata njia ya kutoa vanilini ndani ya taka ile ile. Katika miaka ya 1930 kazi hiyo ikaanza kibiashara Rothschild, jimbo la Wisconsin. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kimoja tu cha Thorold, Ontario, kilikuwa kikitoa kiasi cha asilimia 60 ya vanilini yote ya viwandani iliyouzwa duniani. Baadaye nacho kikapitwa na vanilini inayotokana na petroli.

Nani Zanzibar angeweza kuliona hilo mapema? Si mkulima, ambaye kazi yake ilikuwa kupalilia, kuchuma na kuanika. Wala si karani wa forodhani, aliyekuwa akihesabu magunia. Angeliona mtu anayesoma majarida ya kemia na hataza za viwanda vya karatasi, akajua kwamba lignini, ile taka ya mbao iliyotupwa mtoni Wisconsin, inahusu shamba la Pemba. Mtu huyo ni mhandisi. Na mpaka leo mhandisi wetu hutoka chuoni akiwa ameulizwa mara nyingi mashine inafanyaje kazi, na mara chache sana nani mwingine duniani yuko mbioni kuifanya isihitajike.

Elimu ya kuuliza swali hilo la pili imekuwa fani kamili. Michael Porter, profesa wa Harvard, alichapisha mwaka 1980 kitabu chake cha mikakati ya ushindani, na ndani yake akaeleza namna kampuni inavyopaswa kumchambua mshindani wake kwa utaratibu. Motorola ilimchukua Jan Herring, aliyewahi kufanya kazi CIA, aijengee kitengo cha kazi hiyo. Mwaka 1986 wataalamu wa Marekani wakaunda chama chao, SCIP. Wafaransa walichelewa kidogo, lakini wakalifanya jambo la taifa: mwaka 1994 ripoti ya tume iliyoongozwa na Henri Martre iliiambia serikali kwamba Ufaransa imeachwa nyuma katika kukusanya na kutumia habari za kiuchumi. Miaka mitatu baadaye Paris ikapata chuo kinachojiita, bila haya, chuo cha vita vya kiuchumi, na somo lenyewe likaingia katika vyuo vya uhandisi. Wanaliita intelijensia ya kiuchumi. Ndani ya kampuni, intelijensia ya ushindani.

Ukilitaja neno intelijensia barazani Pemba, watu hushusha sauti. Wana sababu zao. Lakini kazi tunayoizungumza hapa haina mtu wa miwani myeusi. Karibu yote hufanywa mchana, kwa karatasi ambazo yeyote anaweza kuzisoma: takwimu za forodha, taarifa za mwaka za kampuni, hataza, matangazo ya zabuni, matangazo ya kazi, viwango vya ubora, maonyesho ya biashara. Tangazo la kazi peke yake linasema mengi. Kampuni ya viungo inayotafuta ghafla wataalamu watatu wa uchachushaji imekwishakuambia inakusudia kutengeneza nini, na wewe hukuvunja mlango wa mtu.

Ubaya wa siri zilizo wazi ni kwamba hazimwamshi aliyelala. Hakuna mfano unaouma zaidi ya Indonesia.

Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia. Ila kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 nchi hiyo ilikuwa ikinunua karafuu kutoka kwetu, kwa sababu ya kretek, sigara zinazochanganywa tumbaku na karafuu iliyokatwakatwa. Zilianza Kudus, kisiwani Java, mwishoni mwa karne ya 19, zikisokotwa kwa mkono. Katika miaka ya 1970 mashine za kusokota zikaingia viwandani, na kiu ya karafuu ikapanda kwa kasi ya mashine. Kwa Zanzibar hiyo ilikuwa neema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ilifika kiasi cha dola 9,000, na karafuu ndiyo iliyokuwa ikileta karibu fedha zote za kigeni visiwani. Mshahara wa mwalimu, dawa ya hospitali na mchele wa meli vilitoka kwenye ua hili dogo, na sehemu kubwa ya maua hayo ilichumwa Pemba.

Wakati huo huo Indonesia ilikuwa ikipanda. Haikuficha. Mikarafuu mamilioni ilipandwa Sulawesi, Java na Sumatra, kwa mipango ya serikali iliyotangazwa hadharani. Mkarafuu hauzai mwaka wa pili. Huchukua miaka sita, saba, hata minane kabla ya kutoa mavuno ya maana. Kwa hiyo mtu mwenye penseli angeweza kuandika mwaka wa kupandwa, akajumlisha miaka saba, akazidisha idadi ya miti, akapata mwaka ambao mteja wetu mkubwa atakuwa hatuhitaji tena. Hesabu ya darasa la saba. Mwaka ukafika, katikati ya miaka ya 1980, na Indonesia ikajitosheleza. Bei ikaporomoka, na katikati ya miaka ya 1990 tani ilikuwa chini ya dola 1,000.

Inawezekana kuna ofisa aliyeipiga hesabu hiyo na karatasi yake ikabaki ndani ya faili. Kwa mkulima hakuna tofauti. Taarifa isiyomfikia mwenye uamuzi kabla ya uamuzi ni porojo iliyopigwa chapa. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani somo hili ni kuwafundisha vijana kutafuta mambo kwenye intaneti. Kutafuta ni nusu rahisi. Kazi ngumu ni kuandika ukurasa mmoja unaomwambia mkurugenzi nini kitatokea, lini, kwa uhakika kiasi gani, na afanye nini Jumatatu.

Kisa cha Indonesia kina mkia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ile iliunda chombo kimoja cha kununua karafuu zote, kikiongozwa na Tommy Suharto, mtoto wa rais. Wakulima walilipwa kidogo, wakaiacha mikarafuu ikamezwa na magugu, wengine wakaikata. Mwaka 1998, uchumi ulipoanguka na Shirika la Fedha la Kimataifa likaweka masharti yake, chombo kile kikavunjwa, lakini miti iliyokufa haikufufuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ikaruka tena. Uzembe wa shambani Sulawesi ukawa mlo wa jioni Pemba. Mtu anayefuatilia magugu ya Sulawesi hana haja ya kusubiri redio imtangazie bei.

Wakulima wenyewe walikuwa wakijua haya kwa kiasi chao, na walikuwa wakijua mapema kuliko sisi waandishi. Kwa miaka mingi bei ya Mombasa ilipokuwa juu ya bei ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, karafuu za Pemba zilivuka usiku kwa ngalawa na mashua kwenda pwani ya Kenya, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, nyuma yao. Magendo ni kosa na yaliitia hasara hazina, sina ubishi. Lakini yatazame kwa jicho la somo letu: kijiji kisichokuwa na simu kilikuwa na habari sahihi ya bei ya ng'ambo, gharama ya usafiri, hatari ya kukamatwa na tofauti inayobaki mfukoni. Mwaka 2011 serikali ilipoongeza sana bei ya mkulima na kuahidi kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, magendo yalipungua. Hesabu ya ngalawa ilikuwa imebadilika.

Zamani zaidi wenye habari walikuwa wengine. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar ukitokea Aden, na tangu hapo wafanyabiashara wakubwa wa mjini waliweza kujua bei ya London na Bombay ndani ya siku moja, wakati mkulima wa Pemba, aliyekopa kwa rehani ya mavuno yake, hakuwa na njia ya kujua. Serikali ya kikoloni ilipoipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya biashara hiyo, wafanyabiashara wa Kihindi walijibu mwaka 1937 kwa mgomo uliofika hadi India, ambako Chama cha Congress kilihimiza watu wasinunue karafuu za Zanzibar. Mwaka uliofuata serikali ilikubali mapatano. Ilikuwa na sheria na askari. Wafanyabiashara walikuwa wakimjua mnunuzi.

Sasa tumchukue kijana wa leo. Ametoka Mgogoni, amesoma fizikia na kemia, amekwenda Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, au Dar es Salaam, na mwaka wa mwisho anatakiwa kubuni kitu. Anachagua mtambo mdogo wa kukamulia mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Wazo zuri, na malighafi anaijua tangu utotoni. Anachora pipa la mvuke, bomba la kupozea na chombo cha kutenganisha mafuta na maji. Atapimwa kwa joto, shinikizo na unene wa chuma, na atapata alama zake.

Mwalimu wa intelijensia ya ushindani angemsimamisha kabla ya mchoro wa kwanza. Nani anakamua mafuta haya sasa? Jibu la karibu lipo Wawi, Chake Chake, kwenye kiwanda cha ZSTC. Nani anaruhusiwa kununua karafuu na makonyo? Hapo aende kwenye Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014, maana mtambo uliokamilika kiufundi lakini hauna ruhusa ya kupata malighafi ni chuma chakavu kipya. Mafuta yanauzwa kwa kiwango gani? Lipo shirika la viwango la kimataifa, ISO, lenye kiwango maalumu cha mafuta ya vikonyo vya karafuu, namba 3143, na mnunuzi wa Ulaya atauliza habari zake kabla hajauliza bei. Nani mshindani? Hapa kijana atashtuka. Indonesia hukamua mafuta mengi kutoka kwenye majani ya mkarafuu, yale yanayodondoka chini na kuokotwa, yenye yujenoli nyingi na gharama ndogo. Akipeleka sokoni mafuta ya makonyo kama yujenoli ya kawaida tu, anapigana na majani yaliyookotwa bure. Lazima atafute mlango mwingine: mafuta ya ua lenyewe, au cheti cha kilimo hai, au mnunuzi wa manukato anayetaka asili ya Pemba na kuithibitisha.

Swali la washindani likimfikisha hapo, litarudi kuubadilisha mchoro. Mafuta ya mchaichai huelea juu ya maji; ya karafuu ni mazito kuliko maji na huzama. Anayenakili mtambo wa mchaichai bila kuuliza atayamwaga mafuta yake mtaroni na kubaki na maji yenye harufu nzuri. Na kama mnunuzi anataka mafuta ya maua badala ya makonyo, muda wa kukamua, ukubwa wa pipa na bei ya kuni vyote hubadilika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema soko ni la watu wa biashara na mhandisi ashike spana. Mtu wa biashara hatajua kwamba kuzama kwa mafuta kuna thamani.

Chombo cha mhandisi kisicho na mpinzani katika kazi hii ni hataza. Wengi huiona hataza kama ukuta. Kwa msomaji ni dirisha. Anayetaka ulinzi wa miaka 20 lazima aeleze uvumbuzi wake kwa kina cha kumwezesha fundi mwingine kuufanya, na kwa kawaida maombi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa. Mamilioni ya karatasi hizo yanasomeka bure kwenye hifadhi za Shirika la Miliki Ubunifu Duniani na za ofisi ya hataza ya Ulaya. Zimo hataza za kugeuza yujenoli kuwa vanilini kwa kutumia vijidudu, na hilo ndilo linalonifanya nisiifunge habari ya Wisconsin kama msiba tu. Walaji wa Ulaya na Marekani wanataka maneno "ladha ya asili" kwenye pakiti, na vanilini ya petroli haiwezi kuyabeba. Ile iliyotokana na mmea kwa njia ya uchachushaji inaweza, kwa masharti ya sheria za kila nchi. Mlango uliofungwa miaka 90 iliyopita umefunguka kidogo.

Tena hataza haivuki mpaka kwa miguu yake. Uvumbuzi uliosajiliwa Ujerumani na Japani tu, bila kupitia ofisi za usajili, yaani BRELA upande wa Bara, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali kwa Zanzibar, au ARIPO iliyoko Harare, hauna ulinzi hapa, na fundi wa Pemba anaweza kuutumia kwa soko la ndani. Asichoweza ni kupeleka bidhaa yake Ujerumani. Mwanafunzi akilijua hilo tu, tayari amepata maktaba ya michoro isiyolipiwa ada. Chuo cha uhandisi kinachomtoa mtu bila kuwahi kumkalisha mbele ya hataza hata moja kimemdhulumu.

Mpaka kati ya kusoma na kuiba unahitaji kufundishwa darasani pia, maana kwetu mkarafuu wenyewe umekuja kwa wizi. Waholanzi wa karne ya 17 walikata mikarafuu ya Maluku na kuibakiza Ambon na visiwa vya jirani ili waishike bei ya dunia. Mfaransa Pierre Poivre, mmoja wa watawala wa Mauritius, alituma watu waliorudi na miche kwa siri mwaka 1770. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukapandwa Kizimbani na Mtoni, kisha ukavuka kuja Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba yake, kisiwa cha kijani kikawa ndiyo karafuu yenyewe. Kwa hiyo tusimame kwa unyenyekevu tunapowahubiria wengine.

Leo, hata hivyo, sheria haina mzaha. Mwaka 2001 Procter & Gamble, kampuni tajiri isiyokosa pesa ya utafiti, ilikiri kwamba watu iliowakodi walikuwa wakichokora mapipa ya taka ya Unilever huko Chicago ili kujua mipango yake ya shampuu. Ilijiripoti yenyewe na ikamalizana na Unilever kwa malipo. Tanzania nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotaja ujasusi wa data kuwa kosa. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo akiingia kwenye kompyuta ya kampuni kwa nywila ya rafiki, hakuna profesa wa Harvard atakayemtetea. Hata kujifanya mnunuzi ili kupata bei ya mshindani, jambo linalofanywa kila siku madukani, lina harufu mbaya mara linapofanywa kwa barua yenye nembo ya chuo.

Nimeelemea karafuu kwa sababu ndiyo tunayoijua. Mwani ungehitaji makala yake. Ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na leo sehemu kubwa inatoka Pemba. Ule unaolipa vizuri zaidi, wa kotonii, ulikufa kwa joto la bahari katika maeneo mengi, na Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari akaongoza majaribio ya kuupanda kwenye maji ya kina ndani ya nyavu zenye umbo la bomba. Huo ni uhandisi safi. Lakini wanunuzi ni wachache, wanajua kiasi kinachovunwa Ufilipino na Indonesia, na mama anayefunga mbegu kwenye kamba hajui. Kiwanda cha mwani kama cha Chamanangwe, Pemba, huhitaji injini na vikaushio. Nani ndani yake ana kazi ya kufuatilia bei ya karajenani inayotolewa kwenye mwani?

Kulifundisha somo hili hakuhitaji jengo wala mfadhili. Kila chuo cha ufundi kina kipindi cha mafunzo kwa vitendo, na kila msimu wa karafuu ZSTC ina vituo vya kununulia vyenye habari ya mavuno ya kila shehia. Wanafunzi wanne wapelekwe Wawi msimu ujao, wawili wakae na mitambo, wawili wapewe meza, takwimu za Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, hifadhi za hataza, magazeti ya Indonesia na programu ya kutafsiri. Mwisho wa kila mwezi waandike ukurasa mmoja kwa meneja: nani kapanda, nani kavuna, nani kasajili nini, nani kabadilisha kiwango. Wawili wa meza wabadilishane na wawili wa mitambo katikati ya msimu. Ukurasa huo usomwe na meneja mbele yao, na aseme upi umemsaidia na upi ameutupa.